Nabebwa bwenini, nachekwa darasani: nirudi nyumbani?

Shikamoo mama mshauri,

Naomba usiandike jina langu wala la chuo changu. Nina miaka 20, nasoma mwaka wa kwanza wa uhandisi katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam. Nyumbani ni Mbinga, mkoa wa Ruvuma, na wazazi wangu ni wakulima wa kahawa. Tumezaliwa sita, mimi ni wa pili, na ndiye wa kwanza kufika chuo kikuu, si kwa nyumba yetu tu, hata kitongoji kizima. Siku ya kuondoka baba mdogo alichinja mbuzi na katekista akaja kuniombea. Nilipanda basi na begi moja na kiroba cha maharage, safari ya kama kilomita elfu moja, na njia nzima sikulala kwa furaha.

Furaha hiyo imekwisha, mama.

Majina ya waliopata vyumba yalipobandikwa, langu halikuwemo. Dada mmoja wa mwaka wa tatu niliyekutana naye kanisani akakubali kunibeba. Kwa wasomaji wasiojua, kubebwa ni kulala kitanda kimoja na mwenye chumba bila jina lako kuwa kwenye orodha ya bweni. Kitanda chenyewe chembamba, yeye analaza kichwa huku, mimi kule. Chumba ni cha wanne, tunalala saba. Zikisikika habari kwamba mlezi wa bweni anapita kukagua, nachukua ndala mkononi natoka kwa mlango wa nyuma, nakaa kwenye ngazi za jengo la jirani mpaka nipigiwe simu kwamba ameshaondoka. Begi langu liko uvunguni. Nguo zangu sizianiki, nazikaushia juu ya begi, zisije zikahesabika.

Darasani tuko 84, wasichana 12. Wengi wametoka shule za Inglishi midiam tangu chekechea. Mimi nimesoma Kiswahili mpaka darasa la saba, kisha shule ya kata ambako mwalimu wa fizikia alikuja tukiwa tumeshafika kidato cha tatu. Hata hivyo kidato cha sita, PCM (fizikia, kemia na hesabu), nilikuwa wa pili shuleni kwetu. Nilidhani nina akili. Kumbe nilikuwa na akili za kule.

Wiki ya nne, kwenye semina ya hesabu, niliitwa kusoma swali ubaoni. Kulikuwa na jina limeandikwa Euler. Nikalisoma kama lilivyoandikwa, "Eula", kama tunavyosoma Kiswahili. Darasa likacheka. Kijana wa mbele akageuka, akaniambia kwa sauti ya chini, "Ni Oila." Msimamizi wa semina hakusema kitu, alitabasamu tu, akaendelea. Tangu siku hiyo sijafungua mdomo. Nakaa mstari wa mwisho karibu na mlango, na kipindi kikiisha natoka wa kwanza ili nisikutane na mtu.

Jaribio la kwanza la hesabu nimepata 6 kati ya 20. Kazi ya kundi tulipewa watu sita. Wenzangu walikutana, wakaifanya, wakaandika jina langu. Hawakuniuliza chochote. Tumepata alama nzuri, na mimi sijui hata swali lilikuwa linahusu nini. Wao wana laptop, mimi nasomea kwenye simu iliyopasuka kioo.

Bumu la kwanza, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, lilipoingia nilituma nyumbani laki moja na nusu kwa ajili ya ada ya hosteli ya mdogo wangu wa kidato cha nne. Sikuombwa, nilituma mwenyewe. Sasa nakula mara moja kwa siku, wali maharage. Mama anapiga kila Jumapili baada ya misa, anaweka simu sauti ya juu wote wasikie, ananiuliza, "Mhandisi, hujambo?" Nasema sijambo. Nikikata simu naenda kulia bafuni, maana chumbani hakuna pa kulilia.

Dada anayenibeba anasema nihamie ualimu, ni rahisi. Mimi nafikiria kuahirisha mwaka, nirudi nyumbani nikajipange. Wakati mwingine naona niache kabisa, nijifunze cherehani kwa shangazi Songea. Naomba uniambie ukweli mama: je, mimi ni mtu wa huku kweli, au nimepita tu kwa bahati?

Mwenye begi uvunguni

* * *

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma usiku, nikaisoma tena asubuhi, na sehemu iliyonikaa rohoni si ile ya alama 6. Ni ile ya nguo usizozianika. Binti anayeogopa hata kanga yake isionekane kambani, huyo nikimwambia "jiamini" nitakuwa nimemtania.

Nikikuelewa vizuri, unasema hivi: huna chumba, huna rafiki darasani, umechekwa, umefeli jaribio moja, una njaa, na unaficha yote hayo kwa watu wanaokupenda. Kisha umeyachukua mambo hayo sita ukayafunga kwenye furushi moja, ukaliandika juu, "Mimi si wa huku." Naomba tulifungue hilo furushi taratibu, kwa sababu nadhani vilivyomo ndani si vya aina moja.

Nianze na huyo Euler aliyekuletea aibu. Alikuwa mwanahisabati wa Uswisi, alizaliwa mji wa Basel mwaka 1707, na jina lake linatamkwa Oila kwa sababu ndivyo Kijerumani kinavyolisoma. Hata waliozaliwa na Kiingereza chao, wakilikuta kitabuni mara ya kwanza, wengi hulisoma "Yula", na mwalimu huwasahihisha. Kwa hiyo yule kijana wa mstari wa mbele hakulijua jina lile kwa akili. Alilijua kwa sababu kuna mtu alilitamka mbele yake kabla ya siku ile. Wewe hukuwahi kulisikia, ukalisoma kwa sheria pekee uliyokuwa nayo, sheria ya Kiswahili, na ukalisoma sawasawa na herufi zake.

Sikwambii hivi ili kukufariji. Nataka ujiulize: katika yale yanayokuonyesha kwamba wewe si wa hapa, ni mangapi ni mambo ambayo wenzako waliyasikia mapema tu? Jinsi ya kumfuata mhadhiri ofisini. Kwamba maswali ya mitihani iliyopita yanazunguka kwa wakubwa, na kwamba kuyatafuta ni jambo la kawaida. Kwamba kazi ya kundi hugawanywa usiku ule ule kwenye WhatsApp, na asiyeandika "mimi nachukua namba tatu" wenzake hudhani amewaachia. Mtoto ambaye kaka yake amepita chuo ameambiwa haya mezani, anakula. Wewe uliombewa na katekista, na dua ile ni njema, lakini hapakuwa na mtu kitongojini wa kukwambia kuhusu namba tatu.

Kicheko kile kiliuma, na sitakwambia hakikuwa kitu. Msimamizi aliyetabasamu akaendelea alikosea, nalisema wazi. Sentensi moja kutoka kwake ingetosha. Ila nina swali ambalo barua yako haijalijibu: kati ya wale 84, ni wangapi walicheka? Na ni wangapi walinyamaza wakishukuru Mungu kwamba hawakuitwa wao, kwa sababu nao wangesema "Eula"? Wewe ulikuwa ubaoni, huenda hukuona nyuso. Wanaokaa mstari wa mwisho karibu na mlango huwa hawaonani, maana kila mmoja anaangalia mlango.

Sasa nije kwenye jaribio, na hapa nitakaa kidogo. Umeniambia umepata 6 kati ya 20. Hujaniambia wengine wamepata ngapi. Nadhani hujui. Hesabu za mwaka wa kwanza huwaangusha wengi waliokuwa wa kwanza na wa pili katika shule zao, na alama zao hawazitangazi, kama wewe usivyozitangaza zako.

Miaka ya 1970 kulikuwa na mwalimu wa hesabu huko Marekani, Uri Treisman, katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Aliona wanafunzi weusi, wengi wao waliokuwa na sifa nzuri shuleni kwao, wanaanguka sana katika kalkulasi ya mwaka wa kwanza. Watu walikuwa na maelezo tayari: hawakuandaliwa vizuri, hawana bidii, familia zao hazijali elimu. Treisman akaenda kuwatazama jinsi wanavyosoma. Akakuta bidii ipo tele, ila wanasoma peke yao. Masomo kivyake, marafiki kivyake. Mtu anakesha na swali chumbani, akikwama anadhani amekwama yeye tu. Akawatazama pia wanafunzi wenye asili ya Uchina waliokuwa wakifaulu. Hao kila mmoja alifanya maswali yake kwanza, kisha jioni walikutana, wakalinganisha majibu na kubishana, na mara nyingine wakala pamoja. Mmoja akikosa, aligundua pale pale. Na swali likiwashinda wote, walijua kwamba ni gumu kweli, kwamba si upungufu wa mtu.

Alichofanya baada ya hapo ndicho ninachokipenda. Hakuwaanzishia masomo ya wanyonge. Aliwaita wakutane kwa makundi wafanye maswali magumu zaidi ya yale ya darasani, na matokeo yao yakapanda sana.

Mwanangu, wewe umetoka Mbinga. Umewaona Wamatengo wakilima ngoro kwenye miteremko ile, majani yanafyekwa na kupangwa, udongo unafukiwa juu, shimo baada ya shimo. Kazi ile watu huifanya kwa kusaidiana, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na hakuna anayesema aliyeitiwa watu shambani kwake ni mvivu. Kwa nini hesabu umeamua kuzilima peke yako?

Wapo wasichana 12, wewe ukiwemo. Sisemi uwaendee wote. Nauliza kama yupo mmoja ambaye ungeweza kumwambia, "Nimepata 6, wewe je? Tuje tulifanye upya hili jaribio Jumamosi?" Hatari ipo. Anaweza kukukatalia, au akakutazama vibaya, na kwa hali uliyo nayo hilo litauma kuliko kawaida. Lakini pima na hatari ya upande wa pili, ambayo umeshaanza kuiishi: kupata alama nzuri ya kundi kwa swali usilolijua, halafu mtihani wa mwisho ukukute peke yako.

Lugha nayo usiibebe kama dhambi. Ulifundishwa kwa Kiswahili miaka saba, kisha ukapewa vitabu vya Kiingereza kidato cha kwanza ukaambiwa endelea. Mamilioni wamepita huko huko, na baadhi ya wahadhiri wako wamo. Swali usiloweza kuliuliza mbele ya watu 84 kwa Kiingereza, liandike kwenye karatasi ulipeleke ofisini kwa mhadhiri saa alizotangaza. Wengi mlango ukishafungwa watakueleza kwa Kiswahili safi.

Sasa kitanda. Umekitaja mwanzoni kisha ukakiacha, kana kwamba ni usumbufu tu. Mimi naona ni nusu ya habari yote. Kuna utafiti wa Gregory Walton na Geoffrey Cohen, uliochapishwa mwaka 2011, wa wanafunzi wa mwaka wa kwanza huko huko Marekani. Waliwasomesha maelezo ya wanafunzi waliotangulia, kwamba nao walijiona wageni mwanzoni na hali ile ilipita, kisha wakawaomba waandike habari zao wenyewe. Lilikuwa zoezi la kama saa moja. Wanafunzi weusi walioshiriki alama zao zilipanda kwa miaka iliyofuata, na pengo kati yao na weupe likapungua kwa karibu nusu. Naamini sana katika jambo hilo, ndiyo maana nakuomba umuulize huyo dada wa mwaka wa tatu mwaka wake wa kwanza ulikuwaje. Usimuulize akushauri kozi. Muulize yeye alilia wapi.

Lakini maneno peke yake hayakupi pa kulaza kichwa. Mtu anayekimbia na ndala mkononi kila ukaguzi hawezi kujiona mwenyeji, kwa sababu kwa karatasi za bweni kweli si mwenyeji. Hisia hiyo haitoki kwenye akili yako, inatoka kwenye orodha ya majina. Na orodha ya majina hubadilika. Baada ya wiki za mwanzo vyumba vingine hubaki wazi, kuna wasioripoti, kuna wanaohamia mtaani. Umekwenda ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi kuuliza? Au umeogopa kwamba ukiuliza chumba watakuuliza unalala wapi? Naielewa hofu hiyo, na inamhusu dada yako pia, kwani vyuo vingi vinamwadhibu anayebeba, na anaweza kupoteza chumba chake. Zungumza naye kwanza. Unaweza kwenda kama mwanafunzi asiye na malazi, na hilo ni kweli tupu, bila kutaja kitanda cha mtu. Njia nyingine ni kupanga chumba mtaani na wenzako wawili au watatu, ingawa Dar wenye nyumba hupenda kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, na nauli ya daladala utailipa kila siku. Inawezekana pia ukabaki hapo mpaka mwisho wa muhula, macho yakiwa wazi. Siwezi kukuchagulia, mimi siujui uso wa huyo mlezi wa bweni. Unaujua wewe.

Kuhusu kuondoka. Kuahirisha mwaka si kushindwa, na kwa mgonjwa au aliyefiwa inaweza kuwa ndiyo njia yenyewe. Ila ujue inavyokwenda: unaomba kwa maandishi, unatoa sababu, chuo kinakubali au kinakataa, Bodi ya Mikopo inajulishwa, na bumu linasimama muda wote uko nyumbani. Ukirudi mwakani utakuwa mwaka wa kwanza tena, pengine tena bila chumba. Jiulize basi, huko Mbinga utakwenda "kujipanga" kwa kupata nini ambacho huna sasa? Kama ni usingizi, chakula na mama, hivyo ni vitu vya kweli na sivibezi. Kama ni hesabu, sioni zitakavyokufuata shambani. Ukiacha kabisa, fedha ulizokwisha kutumia zinabaki deni lako kwa Bodi, na cherehani italazimika kulilipa.

Kuhamia ualimu ningekuunga mkono kwa moyo mmoja kama ungeniandikia kwamba unapenda kufundisha. Hukusema hivyo. Umesema umeambiwa ni rahisi. Walimu wanaosoma barua hii wana lao la kusema juu ya urahisi huo. Kubadili kozi pia kuna dirisha lake la muda na kuna taratibu za mkopo, kwa hiyo ukilifikiria ulizia mapema kwenye ofisi ya udahili na kwa afisa mikopo wa chuo, usitegemee habari za vitandani.

Laki moja na nusu uliyotuma nyumbani imetoka kwenye moyo mzuri, nami simkatazi mtoto kumsaidia mdogo wake. Lakini fedha ile imehesabiwa kwa siku zako za kula na kulala. Unapoituma, unatuma chakula chako. Hukuombwa, umesema mwenyewe. Je, mama angejua kwamba ada ile ni milo yako, angeipokea? Mimi pia ni mama, na nadhani ningeirudisha kwa boda siku ile ile. Labda Jumapili moja, kabla hajaweka sauti ya juu, mwombe aongee nawe peke yake. Si lazima umwage yote. "Mama, hesabu ni ngumu na chumba sijapata" inatosha kuanza. Yapo mashaka kwamba atahangaika, atauza kitu, atamwambia baba mdogo. Hayo ni kweli. Lakini kwa sasa anaongea kila wiki na mhandisi asiyekuwepo, na binti yake aliyepo hana wa kuongea naye.

Na nikuombe jambo moja kama mzazi. Kula mara moja, kulala robo kitanda na kulia bafuni, vikijumlishwa kwa wiki nyingi, huvunja mwili na huchosha akili. Ukiona usingizi umegoma kabisa, au huoni sababu ya kuamka, nenda zahanati ya chuo ukaseme hivyo hivyo, au kwa mshauri nasaha pale kwa Mshauri wa Wanafunzi. Bima uliyolipia ni ya mambo hayo pia.

Umeniuliza kama wewe ni mtu wa huku au umepita kwa bahati. Waliokuchagua waliona matokeo yako ya kidato cha sita, ya binti aliyeanza fizikia akiwa kidato cha tatu. Hawakujua habari ya fizikia hiyo. Wangejua, sijui wangekuonaje, ila mimi nimejua na nimekuona. Zaidi ya hapo siwezi kukujibia, na nadhani hata wewe hutalijibu kwa kufikiri kwenye ngazi za jengo la jirani usiku.

Niandikie tena mwanangu, hata mistari mitatu. Uniambie yule msichana wa Jumamosi alisemaje, na dada wa mwaka wa tatu alilia wapi. Na kama umeanika nguo zako.